Safari ni ya nani? Kisa cha ndege ya watu wanne Tanga

Ujumbe wenyewe ulikuwa na maneno tisa: "Bi, nimetuma laki tisa, nauli ya Unguja watu watatu." Aliyeuandika ni mgeni wa nyumba ya wageni iliyoko ufukweni, kusini ya mto Pangani, na hakuwa na nia mbaya hata chembe. Siku kumi baadaye mkaguzi wa kampuni ya bima alipomuomba maelezo, mgeni yule alitoa simu na kuuonyesha, maana hakuona cha kuficha. Neno la tano katika ujumbe ule ndilo lililowanyima watu wanne wa Tanga fidia ya ndege yao.

Wote wanne wameniruhusu kukieleza kisa hiki, kwa sharti nisitaje jina la mtu wala namba ya ndege. Mimi ni wakili, ofisi yangu iko Ngamiani, na kazi yangu kubwa ni mikataba: mashamba, nyumba za urithi, majahazi, malori. Ndege ilikuwa ya kwanza kuingia mezani kwangu. Nimeamua kuandika kwa sababu huku pwani mashamba ya mkonge yana viwanja vyake vya zamani, hoteli zinasogea kusini ya Pangani, na mazungumzo ya "tununue ndege tuchangie" nimeshayasikia zaidi ya mara moja tangu hapo.

Mzee wa Mkonge alikuwa na shamba upande wa Korogwe na hamu ya ndege tangu ujana. Daktari ana kliniki mbili, moja Tanga na moja Pemba, na ule msemo wetu wa waja leo waondoka leo kwake ni ratiba ya kazi: asubuhi Chake Chake, jioni anakula na wanawe Raskazone. Bi wa Pangani ndiye mwenye nyumba ya wageni. Wa nne ni Mhandisi, mtu wa kandarasi, anayekwenda Dar es Salaam kila wiki. Walinunua Cessna 206 iliyotumika, ndege ya viti sita na injini moja, yenye mabawa juu na magurudumu yasiyokunjwa. Ni ndege ngumu, inayopendwa kwenye viwanja vya nyasi. Kila mmoja alitoa robo. Ikasajiliwa Tanzania ikapewa herufi za 5H, na cheti cha usajili kikaandikwa jina la Mzee peke yake, "kurahisisha mambo", kama walivyosema. Wakamtafuta rubani, kijana mwenye leseni ya biashara, wakakubaliana alipwe kwa kila safari na yule aliyemwita.

Mkataba wao ulikuwa na vifungu kumi na moja. Niliusoma mara tatu. Vifungu tisa vilihusu pesa: ada ya maegesho, bima, ukaguzi wa mwaka, mfuko wa injini unaochangiwa kwa kila saa ya kuruka. Kimoja kilihusu mbia anayetaka kuuza robo yake. Na kimoja, cha nne, kilisema hivi: "Kila mbia atatumia ndege katika siku zake apendavyo." Hakikuwemo hata kimoja kinachotaja nani ana haki ya kusema safari haiendi.

Sasa tukio. Bi alipata wageni watatu kutoka Arusha waliotaka kulala Unguja siku tatu, kisha warudi Pangani kuchukua mizigo na kuendelea na safari yao. Siku hizo zilikuwa zake kwa mujibu wa ratiba. Akawatajia laki tisa kwenda na kurudi. Laki sita zilikwenda kwenye mafuta, ada za viwanja na malipo ya rubani. Laki tatu alimpelekea Mzee, naye akaziingiza kwenye daftari la mfuko wa injini kwa mwandiko wake mzuri wa zamani: "Mapato, wageni Pangani." Bi hakubaki na senti. Mwenyewe hakupanda ndege, wala mwenzake yeyote kati ya wale wanne.

Kwenda kulikuwa salama. Siku ya kurudi mvua ilikuwa imepiga usiku kucha. Rubani, akiwa Unguja, alimpigia Bi kumuuliza hali ya kiwanja. Bi akamtuma mlinzi akatazame, mlinzi akasema nyasi zina maji lakini "panapitika". Kijana akasema angependa kusubiri mpaka kesho. Bi akamjibu kwamba wageni wana basi la saa nane. Kijana akaruka. Aligusa chini vizuri kwa magurudumu ya nyuma, ndege ikakimbia mita mia na kitu, kisha gurudumu la mbele likazama kwenye tope, pua ikainama, pangaboi likapiga ardhi na injini ikasimama palepale. Hakuumia mtu. Mgeni mmoja alilia, wengine wakateremka wenyewe.

Nilikwenda kuiona siku ya pili. Mapanga matatu yalikuwa yamejikunja kuelekea nyuma kama majani ya mgomba yaliyopigwa na jua. Fundi hakuyajali hayo. Alifungua kifuniko cha injini, akamulika kwa tochi ule ukuta wa bati unaoitenga injini na chumba cha rubani, akaniambia nipitishe kidole. Bati lilikuwa na mikunjo miwili, midogo kama ya nguo iliyokaliwa. "Hapo ndipo," akasema. Kwenye ndege hizi gurudumu la mbele limeshikwa na ukuta ule, kwa hiyo likipigwa, ukuta ndio unaolipa. Mikunjo ile ndiyo iliyoamua jina la tukio. Kwa kanuni za kimataifa za uchunguzi, uharibifu ulioishia kwenye injini, pangaboi, matairi na vitu vya namna hiyo hauitwi ajali. Ukigusa uimara wa mwili wa ndege na kudai matengenezo makubwa, ni ajali, na wachunguzi wanaarifiwa. Kazi yao, inavyosemwa wazi katika Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, ule wa mataifa juu ya usafiri wa anga, ni kuzuia ajali nyingine. Kutafuta wa kulaumiwa haimo. Lakini wanauliza maswali, na swali la kwanza waliloliuliza ni dogo: mwendeshaji wa safari hii ni nani?

Barua ilikwenda kwa yule ambaye jina lake liko kwenye cheti. Mzee alikuja ofisini nayo mkononi, hata shikamoo yangu hakuipokea vizuri.

"Mwanangu, siku ile mimi nilikuwa msikitini. Nimeingiaje?"

"Umeingia kwa jina, mzee wangu. Na kwa daftari."

Nikamsomea lile neno lake mwenyewe, mapato. Akanyamaza muda mrefu. Alikuwa ameliandika kwa uaminifu, ili wenzake wasije kusema amekula pesa.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu watu wengi niliozungumza nao, wakiwemo mawakili wenzangu, wanaanza na swali lisilofaa. Wanauliza: ndege hii ni binafsi au ya biashara? Kwa gari swali hilo lina jibu, tena la kuonekana kwa macho. Gari la mtu binafsi lina namba ya njano, la biashara lina nyeupe, na askari analijua kwa mbali. Ndege haina kibao cha rangi. 5H ni 5H. Ndege ileile inaweza kuwa binafsi asubuhi na ya biashara mchana, kwa sababu kinachopimwa ni safari, moja moja. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linaufafanua usafiri wa anga wa kibiashara kuwa ni uendeshaji wa ndege unaohusisha kubeba abiria, mizigo au barua kwa malipo au kwa kukodishwa. Sentensi hiyo haitaji umiliki. Haitaji faida pia, na hilo ndilo lililomuuma Bi kuliko yote. Alinieleza kwa hesabu safi kabisa kwamba hakupata kitu. Nilimwamini, na bado ninamwamini. Ila malipo ni kitu kimoja na faida ni kingine. Daladala lililomaliza siku kwa hasara bado lilibeba abiria kwa nauli.

Hoja ya pili iliyoletwa mezani ilikuwa leseni ya kijana. Mhandisi aliishika kama ngao: rubani wetu ana leseni ya biashara, kwa hiyo biashara ni halali. Ni kosa ninaloliona kila mahali. Leseni ya urubani wa biashara inamruhusu yeye, mtu, kulipwa kwa kurusha ndege. Mwenye leseni ya urubani binafsi hata hilo hana: anaweza kubeba watu, lakini si kwa ujira. Upande wa kampuni ni habari nyingine kabisa. Anayetaka kubeba umma kwa malipo hapa nchini huenda Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, akapata leseni ya kutoa huduma na cheti cha mwendeshaji wa ndege, na cheti hicho hakitoki mpaka ameonyesha miongozo yake, mafunzo ya marubani wake, mpango wake wa matengenezo na watu wanaowajibika kwa jina. Dereva mwenye daraja C, la magari ya abiria, akishika usukani wa Noah ya jirani yake, Noah ile haipati kibali cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kwa sababu ya leseni yake. Nilipompa Mhandisi mfano huo aliacha kubishana. Ana Noah mbili.

Hoja ya tatu ilikuwa ya "kuchangia". Bi alisema wageni walichangia mafuta tu. Ni kweli ziko nchi zinazoruhusu kuchangiana gharama, na ni vizuri kuangalia zinaruhusuje. Marekani, rubani binafsi anaruhusiwa kugawana na abiria wake gharama za mafuta, oili, ada za kiwanja na kodi ya ndege, mradi yeye mwenyewe alipe fungu lake kamili, lisilopungua la wenzake. Ulaya kanuni zinaruhusu watu wasiozidi sita kuchangia gharama za moja kwa moja, rubani akiwa mmoja wao na akichangia. Utaona kote mantiki ni ile ile: mfuko wa rubani nao unaumia, na Marekani anatakiwa pia awe na shughuli yake mwenyewe huko aendako. Kijana wetu hakuchangia shilingi. Alilipwa. Wala hakuwa na shughuli yoyote Unguja.

Na ya nne, ambayo Mhandisi aliisoma kwenye simu yake na ndiyo iliyozaa wazo zima: ule umiliki wa vipande wa Marekani. Mwaka 1986 kampuni ya Executive Jet Aviation, ambayo leo ni NetJets, ilianza kuuza vipande vya ndege za jeti. Mtu ananunua kipande cha ndege moja, anapata saa kadhaa kwa mwaka, na kampuni inamsimamizia kila kitu. Mhandisi aliona: kama wao wana wamiliki kumi na sita wa ndege moja, sisi wanne tutashindwaje? Lakini alisoma nusu. Mwaka 2003 Marekani iliandika sura maalumu kwa mpango huo ndani ya kanuni zake za usafiri wa anga, na masharti yake yanafundisha. Lazima awepo msimamizi mmoja wa mpango mzima. Lazima ndege ziwe mbili au zaidi. Kipande cha ndege ya mabawa kisipungue sehemu moja ya kumi na sita. Wamiliki wote wawe wamekubaliana kubadilishana ndege zao bila marubani, na mikataba iwe ya miaka kadhaa. Kwa vipimo hivyo, ndege ya Tanga isingeingia kwenye sura ile hata ingekuwa Marekani: ni moja tu, na msimamizi hana. Walichokuwa nacho ni umiliki wa pamoja wa kawaida. Hicho nacho ni halali kabisa. Uingereza, kwa mfano, kundi la hadi watu ishirini linaweza kumiliki ndege pamoja na safari zao zikabaki binafsi, ilimradi hakuna mwenye chini ya asilimia tano. Robo inakipita kipimo hicho kwa mbali.

Katika ile sura ya Kimarekani, jambo ambalo ningependa wabia wetu wangelinakili ni karatasi ya saini. Mwenye kipande anapoingia mkataba na msimamizi, anasaini kukiri kwamba ameelezwa: safari inayofanyika kwa agizo lake, na abiria waliomo kwa niaba yake, iko chini ya mamlaka yake. Anawajibika kwa kufuata kanuni, na madhara yakitokea anaweza kudaiwa. Hawezi kusema mimi nilikuwa msikitini. ICAO nayo inalieleza jambo hilo kwa maneno manne ambayo sasa nimeyabandika ukutani ofisini: mamlaka ya kuanzisha safari, kuiendeleza, kuigeuza au kuikatisha. Ukijua nani anayo hayo manne, umejua safari ni ya nani.

Nikawauliza wote wanne, mmoja mmoja, kila mtu akiwa peke yake: siku ile ya tope, nani alikuwa na mamlaka ya kuikatisha? Daktari alisema Mzee, kwa kuwa ndiye aliyesajiliwa. Mzee alisema Bi, siku zilikuwa zake. Mhandisi na Bi wakasema rubani. Manahodha wengi chombo huenda mrama, wazee wetu walikwisha sema. Hapa lakini mrama ulitokana na chombo kukosa nahodha kabisa, kila mmoja akidhani ni mwenzake.

Bi na Mhandisi hawakukosea kisheria, na ndiyo maana jibu lao liliniuma. Rubani kiongozi ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya ndege wakati ameishika; hiyo ni kanuni ya dunia nzima. Kijana angeweza kusema hapana. Lakini tazama jinsi walivyomlipa. Analipwa kwa safari, na anayemlipa ni yule aliyemwita. Akikataa kuruka, harudi na kitu nyumbani, na simu ya kesho huenda ikaenda kwa mwingine. Yuko katika umri ambao rubani anazihesabu saa zake za hewani kama mkulima anavyohesabu magunia, akizikusanya ili kampuni kubwa zimwangalie. Halafu mwenye pesa anamwambia wageni wana basi la saa nane. Mkataba ule ulimpa kauli ya mwisho kwa mkono mmoja na kumnyang'anya kwa mwingine. Nilikaa naye kibarazani kwangu jioni moja, akanieleza kila hatua ya kutua kule bila kujitetea hata mara moja, macho yake yakiwa sakafuni. Katika kisa hiki kizima, huyo ndiye aliyenikosesha usingizi.

Nilimweleza habari ya Emiliano Sala. Wapenzi wa mpira wanamkumbuka: mshambuliaji wa Argentina aliyenunuliwa na Cardiff City kutoka Nantes. Januari 21, 2019 alipanda Piper Malibu ya injini moja usiku kutoka Ufaransa kuelekea Wales. Ndege ikaanguka baharini karibu na kisiwa cha Guernsey, akafa yeye na rubani wake. Wachunguzi wa Uingereza walieleza kwamba rubani aliishindwa ndege na huenda alikuwa amedhuriwa na hewa ya sumu ya moshi wa injini. Walieleza pia kwamba rubani hakuwa na leseni ya kubeba abiria kwa malipo, wala kibali cha kuruka usiku, na kwamba safari ile haikufuata viwango vya safari ya kibiashara. Mtu aliyeipanga alihukumiwa miezi 18 jela mwaka 2021. Ndege ilikuwa imesajiliwa kwa namna moja, imepangwa na mtu mwingine, imerushwa na wa tatu, na abiria aliyekaa nyuma hakuwa na njia ya kujua kwamba safari yake haikuwa chini ya ulinzi wa kanuni alizodhani zinamlinda. Hilo ndilo ambalo wageni wa Pangani pia hawakulijua. Wao walisema nauli kwa sababu walidhani wamepanda chombo cha nauli.

Turudi kwenye bima. Hati ilisema wazi: matumizi binafsi ya wamiliki. Kampuni ikasema abiria walilipa nauli, wamiliki hawakuwemo, mapato yameandikwa daftarini, hatulipi. Bi alitaka twende mahakamani. Nilimshauri asiende, na sababu kubwa ilikuwa moja ambayo wenzake walikuwa hawajaiona. Kumiliki kitu pamoja hakuwafanyi watu kuwa wabia wa biashara. Lakini Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inautambua ubia pale watu wanapofanya biashara kwa pamoja kwa lengo la faida, na wabia wa namna hiyo wanabeba madeni ya biashara wote. Wao walijiita wabia katika kila kifungu. Fedha za wageni ziliingia kwenye mfuko wa wote. Kama mmoja wa wageni wale angevunjika mgongo, wakili wake asingesimama mlangoni kwa Bi peke yake. Angebisha kwa Daktari na kwa Mhandisi, ambao siku ile hata hawakujua ndege iko wapi. Kupigania kesi ya bima kungemaanisha kuyaweka maneno yale mbele ya hakimu: apendavyo, nauli, mapato. Nilisema tuache.

Ugomvi wa nani alipe ulichukua wiki sita. Sitausimulia wote. Mhandisi alitaka Bi alipe kila kitu. Bi akasema zile laki tatu mlizipokea wote mkanyamaza. Kilichotuokoa ni saa za injini. Injini ya aina hiyo mtengenezaji anaipa saa 1,700 kabla ya kufunguliwa yote na kujengwa upya, na hii ilikuwa imeshafika 1,480. Pangaboi likipiga ardhi injini hufunguliwa ikaguliwe hata kama kwa nje haina kitu, maana ufa unaweza kuwa ndani ya shafti. Kwa kuwa ufunguzi ulikuwa njiani kuja, nikapendekeza injini walipe wote kutoka mfuko waliouchangia, na pangaboi, gurudumu na ukuta alipe Bi. Alikubali baada ya siku mbili, akauza kiwanja kimoja. Injini ikafungwa kwenye sanduku la mbao, ikapandishwa lori na kuvuka Horohoro kwenda Nairobi. Upande wa mamlaka shauri lina njia yake na halihusiani na haya.

Mkataba mpya niliuandika mwenyewe na una vifungu saba. Neno mbia limeondoka. Ni wamiliki wenza. Daktari ndiye msimamizi kwa mwaka wa kwanza, na usajili umerekebishwa uendane na ukweli. Rubani analipwa kwa mwezi, ndege ikiruka isiruke. Kifungu hicho kilipingwa kwa saa nzima na ndicho pekee nilichosema nisingekitoa. Hakuna abiria ambaye mmiliki hayumo naye ndani ya ndege, na hakuna pesa ya mtu wa nje inayopokelewa, kwa jina lolote, hata la zawadi. Wageni wa Bi wakitaka Unguja anawaitia kampuni yenye cheti. Anasema inamsumbua, na ni kweli inamsumbua, kampuni haziji kila anapotaka. Kuna pia karatasi moja inayojazwa kabla ya kila safari: nani ameiagiza, nani wamo, wanakwenda kufanya nini. Mwisho kuna nafasi mbili za rubani: INAKWENDA, HAIENDI. Pembeni ya HAIENDI hakuna mstari wa kuandika sababu. Sikuuweka, kwa makusudi.

Ndege ilirudi hewani mwezi Machi, masika yakianza. Karatasi ya kwanza kujazwa ilikuwa ya Mzee, aliyefiwa na binamu Dar es Salaam na kutaka kuwahi maziko ya adhuhuri. Kijana alitazama mawingu upande wa Saadani, akapiga simu mbili, akaweka alama kwenye HAIENDI, akampa Mzee karatasi kwa mikono miwili. Mzee aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni mwa kanzu, na kumwomba Daktari ampeleke stendi ya Kange akawahi basi la saa kumi na mbili.